Araki Isiyogeuka Nyeupe

Zahle, Novemba

Shikamoo Mjomba Najib,

Huku mvua imeanza, na mtihani wa fizikia nimefaulu.

Chupa yako ya araki, pombe ya zabibu ya babu, iko njiani. Jana babu alimmiminia padri, akaongeza maji, tukangoja igeuke nyeupe kama maziwa. Haikugeuka. Babu alisahau kutia mbegu za anisi zinazoigeuza nyeupe, yeye aliyepika araki miaka hamsini!

“Maji ya bomba haya, si bure,” akasema babu.

“Tamu hivyo hivyo, mzee,” padri akadanganya.

Mama akanikanyaga mguu nisiseme. Nimechoka kunyamaza, mjomba! Wote wanamsifu, hakuna anayempeleka kwa daktari. Wewe mwanawe atakusikiliza.

Kwenye chupa yako, badala ya jina lako, ameandika la marehemu kaka yako, Mjomba Wadih. Njoo.

Mpwa wako,
Nuhad