Taa ya Njano kwenye Njia ya Djugu

Djugu, tarehe 12 Mei 2019

Yaya Fiacre,

Pokea salamu nyingi, kaka yangu. Hujambo, wewe na wifi Denise na watoto? Siye huku bado tunapumua. Mama anakusalimu. Mguu unamsumbua, mdomo haujapungua hata kidogo.

Mnara wa simu wanamgambo waliuchoma, ndiyo maana nakuandikia. Barua anakuletea Vital, dereva wa kituo chetu cha afya, kila anapokuja Bunia kuchukua dawa. Nilimwambia Mama apande gari hilo aje kwako Nyakasanza, maana vijiji vya jirani vinaungua kimoja kimoja. Akanijibu hivi: “Mu vita ya 2003 nilikimbia, nikarudia, nikakuta nyumba ni majivu. Sasa niko na mugulu moja tu yenye inatembea. Muniache.” Mwandikie wewe. Mimi ananiona bado mtoto, nesi wa miaka thelathini na minne.

Kuhusu gari lenyewe, kuna taa ya njano mbele ya dereva, yenye alama ya tairi, inawaka tangu Noeli. Mwanzoni Vital alikuwa akisimama, anashuka, anayapiga matairi teke, anakuta ni mazima. Sasa hasimami tena. Anaiita taa ya uongo. Wewe ndiye kwado, fundi wa matairi, unasemaje?

Mdogo wako,
Rebecca

*

Bunia, tarehe 21 Mei 2019

Rebecca mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Siye wazima, isipokuwa Denise ana malaria na anaikasirikia kama vile mimi ndiye niliyempa.

Mwambie Vital taa haina ulimi wa kusema uongo. Ndani ya kila tairi, kwenye mzizi wa valvu, kuna kidude kinaitwa capteur. Kinapima upepo na kulipasha gari habari. Kina betri yake ndogo, na ikifa haibadilishwi, unabadilisha capteur nzima. Za gari hilo zimekufa. Kavira, yule mama anayefanya biashara ya Kampala, nimemwagiza nne.

Mama asipande gari hilo kabla sijazifunga. Umesahau Hubert? Ndugu yetu alikaa mbele, amefunga mkanda, tairi ya nyuma ilikuwa inapoteza upepo polepole na hakuna aliyejua. Ilipasuka kwenye kona, gari likapinduka mara tatu. Mimi ndiye niliyemtoa. Sitamtoa Mama vile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na Mama mwambie nimesema aje. Mimi ananisikiliza.

Yaya wako,
Fiacre

*

Djugu, tarehe 9 Juni 2019

Yaya,

Salamu. Sisi ni wazima kwa maana ya kwamba hatujafa.

Jumatatu alfajiri wanamgambo walishuka kijijini kwa Mama. Félicité, jirani yake, walimkata kwa panga mlangoni, mtoto akiwa mgongoni. Mtoto naye walimkata. Katekista walimfungia ndani na mke wake wakawasha nyasi za paa. Mama alijitupa chini ya magunia ya mihogo, akalala hapo mpaka jua likatua. Ananiambia sauti moja aliitambua. Ni kijana aliyekuwa akimletea maziwa, na alikuwa anacheka. Hilo la kucheka analirudia kila saa.

Nimeshona watu mpaka uzi ukaisha. Tukaanza kushona kwa uzi wa cherehani.

Mama sasa amekubali kuja. Yuko hapa kituoni, anakaa na fimbo yake mlangoni. Vital anakuja kwako na majeruhi wawili. Yaya, akirudi tu, nimpandishe Mama? Taa ile tumeizoea. Kinachotutisha sisi si tairi.

Mdogo wako,
Rebecca

*

Bunia, tarehe 13 Juni 2019

Rebecca,

Salamu, na poleni. Nimelia mbele ya wateja na sioni haya. Félicité ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Mpandishe Mama. Kazi imekwisha. Kavira ameleta capteur zote nne, nimeyatoa matairi kwenye jante zake za chuma, nimefunga kila moja kwa mkono wangu. Constant, mwenye ile mashine ya kuongea na kompyuta ya gari, ameandikisha humo namba za capteur, na taa imezima. Nikapunguza upepo tairi moja kusudi, ikawaka. Nikajaza, ikazima. Kazi safi, Rebecca. Bunia nzima hakuna gari lenye taa ya kweli kama hilo.

Tumegombana na Vital. Nilimwambia taa ikiwaka sasa ni kweli, asimame palepale atazame. Akasema: “Muzee, mu ile njia mutu hasimamake.” Nikamwambia mbele ya watu kwamba aliyemuua Hubert ni dereva mwenye kichwa kama chake. Aliinamisha uso. Mwishowe akaniahidi, akanipa mkono.

Chumba cha Mama nimekipaka chokaa.

Yaya wako,
Fiacre

*

Bunia, tarehe 24 Juni 2019

Rebecca,

Mko wapi? Kwenye barrière ya barabarani askari wanasema kuna gari la afya limeshambuliwa, hawajui lipi. Naituma barua hii kwa mtu wa pikipiki ambaye hajaahidi kitu. Niandikie hata neno moja.

Yaya wako

*

Djugu, tarehe 2 Julai 2019

Yaya,

Salamu. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa kushoto. Kulia wamenikata juu ya kiwiko, ila mfupa haukukatika.

Mama amekufa. Vital amekufa. Majeruhi wengine wawili tuliokuwa nao nyuma, wanawake, wamekufa pia.

Ilikuwa tarehe 18 Juni, mchana, jua kali. Walikuwa wametega mbao zenye misumari chini ya vumbi. Tulisimama, Vital akapiga magoti kufungua tairi, wakatoka kwenye mahindi. Walimpiga risasi ya shingo, spana mkononi. Mama hakuweza kushuka. Alinisukuma kwa fimbo, akaniambia nikimbie. Nilikimbia. Panga lilinifikia ukingoni mwa shamba, nikaanguka kwenye mfereji, wakaniacha wakidhani nimekwisha. Niliwasikia wakimshughulikia Mama. Haikuwa haraka.

Askari wa kambi walifika baadaye. Tumemzika hapa, karibu na Baba, kama alivyotaka tangu mwanzo.

Mdogo wako,
Rebecca

*

Bunia, tarehe 10 Julai 2019

Rebecca mdogo wangu,

Pole ya mkono. Pole ya Mama. Sijui nani ampe mwenzake pole.

Tumekaa matanga hapa, watu wamejaa uani, nami nimeshindwa kuyafunga. Unajua kwetu mkubwa wa nyumba hafungi matanga kabla aliyekuwapo hajamwambia yote, bila kupunguza. Barua yako umeipunguza. Uliandika “tulisimama”, hukuandika kwa nini. Misumari haipasui tairi nene namna ile kwa ghafla, tairi inapoteza upepo polepole. Hiyo ni kazi yangu, naijua.

Taa iliwaka?

Yaya wako,
Fiacre

*

Djugu, tarehe 19 Julai 2019

Yaya Fiacre,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa wote walio uani. Kidonda cha mkono kinafunga, usaha umekauka.

Nilitaka kukuficha. Nilianza barua mbili za uongo nikazichana. Umeniuliza kama mkubwa, kwa hiyo sikiliza.

Iliwaka. Gari lilikuwa linaenda vizuri, mimi sikuhisi kitu, hata usukani haukuvuta. Kambi ya askari ilikuwa nyuma ya kilima, moshi wa majiko yao tuliuona. Bila taa ile tungefika, tungekuta tairi imelala pale kambini. Vital alipunguza mwendo. Mama akasema: “Usisimame hapa, mutoto wangu, hapa ni pabaya.” Vital akajibu: “Mama, ni Fiacre alisema ikiwaka tusimame. Nilimupatia mukono.”

Mama akasema: “Kama ni Fiacre alisema, simama.”

Waliotega misumari ndio waliowaua, nalijua hilo na kila mtu hapa ananiambia. Siku nyingine linanitosha. Siku nyingine nakukasirikia, kisha nakukumbuka ulivyomwosha Hubert damu, nashindwa. Sijui lini nitaweza kuja huko kukaa nawe chumba kimoja. Usinihimize.

Hayo ndiyo yote, sikupunguza neno. Waambie watu warudi makwao.

Mdogo wako,
Rebecca