Jino la Swala Aliyetoweka

Mwenzangu, uko wapi? Shika simu! Nimejifungia stoo ya makumbusho.

Leo wamekuja watafiti. Wanataka kumrudisha duniani yule swala aliyetoweka, kwa DNA ya lile fuvu ninalolifuta vumbi kila siku. Wanatoboa jino moja, wanachukua unga wake.

Meno yote yale! Daktari akagusa LILE. Akasema, "Hili ndilo zima. Mengine yamekuwa chaki."

Lazima liwe zima, ni la mbuzi! Nililibandika mimi kwa gundi mwaka juzi, la kweli liliponing'okea mkononi nikisafisha. Sikumwambia mtu.

Mashine ikaanza kunguruma. Nikajikuta napiga kelele, "Daktari, mtafufua mbuzi!"

MTAFUFUA MBUZI. Mbele ya mkurugenzi!

Mkurugenzi akanitazama kama kaona mzuka. Halafu, polepole, "La kweli liko wapi? Ndilo tumaini pekee lililobaki."

Nikasema naenda kulileta stoo.

Stoo halipo.

Ule mkufu niliokupa siku yako ya kuzaliwa, nikakwambia kidani chake nimenunua sokoni? Nisamehe. Uvue sasa hivi, na usiuoshe.