Chumba cha Kagwe

Ruiru, 16 Mei 1954

Mama Perez,

Salamu zikukute umekaa. Mimi mzima, ila uji nikipika unaungua.

Ruiru siku hizi ni mahali pa kulala tu. Asubuhi gari la moshi linawabeba wenzangu wa chumba kwenda kazini Nairobi, jioni likiwarudisha mimi naenda kulinda ghala la kahawa. Hatuonani.

Jirani Kagwe, yule aliyekutumia viazi, gari halikumrudisha. Wanasema askari waliwakusanya Wakikuyu huko mjini. Hii ni wiki ya tatu.

Mwenye nyumba anasema nichukue chumba cha Kagwe, nikulete. Chumba ulichokiomba miaka miwili, Benta! Nilifungua mlango, nikaona koti lake la kanisani bado liko msumarini. Nikafunga.

Usije kwanza. Akirudi atalala wapi?

Mumeo,
Dalmas