Ukuta Unaokunywa Maji

Chuo cha Ufundi, karibu na Matiliku
Mwezi wa Julai

Mwaitu mpendwa,

Naanza kwa kuuliza kiuno chako, halafu ndipo nikusalimu wewe mwenyewe. Je, bado kinakusumbua asubuhi? Ile dawa ya kuchua unaitumia, ama umempaka mbuzi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku inanilaza na sweta. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe bila kumwita kaka Kioko. Ameniambia mwalimu wako wa ngumbaru anakusifu, na mimi huku natamba kwa wenzangu kwamba mama yangu anasoma.

Kioko ameniambia na jambo la pili, nalo halikunifurahisha. Eti akina mama wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana, wamekubali tukusanye mawe na mchanga, tujenge tangi la maji ya mvua, tena waanzie kwetu kwa sababu ya kile kiuno. Wote wamekubali isipokuwa mwenye kiuno! Umesema mto umekulea na hujawahi kuona maji yakikaa ukutani. Mwaitu, mto huohuo ndio uliokuangusha na mtungi mgongoni, ukalala pale mchangani mpaka wenzako wakakubeba. Mimi sijasahau, hata kama wewe unajifanya umesahau.

Najua ulitaka nirudi na cherehani. Wasichana tuko wawili tu katika ujenzi, na mwanzoni wavulana walitucheka tukibeba mwiko na pima maji. Siku hizi hawacheki. Basi nikusimulie tangi la kwanza tulilojenga, ndipo uamue.

Tulilijenga kwa bibi mmoja mjane wa hapa karibu, anaitwa Susu Kalekye. Tulizungusha waya, tukapiga plasta ndani na nje, likasimama vizuri kabisa. Mwalimu Mutiso, anayetufundisha ujenzi, akalifunika kwa magunia, akamwambia Susu ayamwagie maji asubuhi na jioni kwa majuma kadhaa. Alimweleza polepole, kwa mfano wa jikoni: "Simiti haikauki kama nguo, Susu. Inaiva, kama isyo. Ukiinyima maji ni kama kutoa mahindi na maharagwe kwa moto kabla haijaiva." Susu akaitikia kwa kichwa. Sisi tukaenda kujenga kwingine, na kila tulipopita njiani tulimwona ameshika kopo, tukaridhika.

Mvua ilipokuja, tangi likaingia maji kidogo tu, kisha ukuta ukaanza kutoa jasho. Kesho yake ulikuwa na ufa mrefu na maji yote yako chini, kuku wanakunywa. Nililia, Mwaitu. Nilifikiri mikono yangu ndiyo mibaya.

Mwalimu akamuuliza Susu kama alikuwa anamwaga maji. Susu akaingia jikoni, akatoka na mtungi, akarudi akatoa mwingine, na mwingine, yote imejaa maji na imefunikwa vizuri.

"Nilikuwa nawawekea nyinyi, watoto wa watu, mkirudi mkunywe," akasema. "Ukuta ikunywe maji na mbuzi iko na kiu? Hiyo mimi siwezi. Nilikuwa namwaga kidogo tu, ndio msikasirike."

Nilimtazama nikakuona wewe. Hata ule mkono wa kufunika mtungi ni wako. Ni nani kati yetu, aliyekua akichota maji kwa kibuyu kwenye shimo la mchangani, angeweza kumwagia ukuta? Mwalimu hakumgombeza. Alichota kikombe, akanywa chote, akasema asante, ndipo akatuambia tubandue plasta na tuanze upya.

Safari hii aliniacha nikae kwa Susu, tumwage pamoja. Tulianza na maji ya kuoshea sukuma wiki, hayo hayakumuuma sana. Yale masafi ndiyo yalimshinda. "Mumbua, mwaga wewe," aliniambia, "mimi wacha niangalie barabara." Akageuza uso kweli. Lakini baada ya siku kadhaa nilirudi kutoka kukata kuni nikamkuta yeye na kopo, anayaloweka magunia huku anayafokea: "Kunywa basi, mlevi wewe! Kunywa umalize!" Nilicheka mpaka nikaangusha kuni.

Mvua iliyofuata ilikuwa moja tu nzuri. Mwaitu, ni Julai sasa, na Susu bado anateka maji ya mvua ile mlangoni pake. Ukuta ni mkavu. Kila akipita anaupigapiga kwa kiganja.

Nitafika Septemba tukifunga chuo, ili tangi liive kabla ya mvua ya Novemba. Naomba uwaambie akina mama ndiyo. Na jambo moja gumu: maji nitakayomwagia ukuta ni yale punda wa Kioko watakayoyaleta kutoka mtoni, na utayaona yakimwagika. Usinishike mkono. Ikikushinda, geuza uso uangalie barabara, mimi sitasema kitu.

Mpe salamu Kioko, na umwambie asilaze punda njaa, kazi inakuja. Mpe salamu mke wake na yule mtoto sijamwona bado, na shangazi wa Mwingi akipita siku ya soko. Mwambie mwalimu wako wa ngumbaru kwamba jibu la barua hii nataka liandikwe na mkono wako, hata kama ni neno moja, mradi liwe ndiyo.

Mvua ikianza usiku, huwa unaruka kitandani kutoa masufuria nje, na kiuno hicho. Mwaka huu nataka ubaki ndani ya blanketi, usikilize maji yakiingia tangini, ulale.

Ni mimi mtoto wako wa mwisho, mwenye simiti kwenye kucha,
Mumbua