Mikono Yangu Ilipokataa Kuinuka

Mtaa wa Tena,
Nairobi.
Jumapili, 17 Novemba 2024.

Mpendwa Kaka Patrobas,

Kwanza nijulie hali yako. Mgongo unaendeleaje, na huko hospitalini bado wanakupanga zamu ngumu? Huko Adelaide najua jua limeanza kuchoma, ilhali sisi huku tunaanika nguo asubuhi na kuzianua zikiwa zimelowa zaidi. Wifi yangu Jecinta hajambo? Na Ryan, ameanza kukujibu kwa Kiswahili au bado anakuangalia tu?

Mimi mwili ni mzima. Mama pia ni mzima, isipokuwa lile goti, na hata hilo halimzuii kushuka ngazi kwenda kugombana na muuza mboga.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimejaribu kukupigia, lakini kila nikishika simu Mama huja kuketi ubavuni kwangu angojee zamu yake ya kukusalimia, na haya si mambo ya kusema mbele yake. Anajua kwamba ule ukumbi wa mtaa wa Lucky Summer uliungua. Hajui kwamba nilikuwa ndani, maana yeye husali kanisa lingine. Tafadhali asijue kutoka kwako.

Kaka, naogopa. Nimekuwa nikiogopa kwa wiki nyingi sasa, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia, kwa sababu wewe ndiye uliyenisimamisha mbele ya kwaya mara ya kwanza. Ulipoondoka Bungoma kwenda chuoni uliniachia waimbaji wazima wa kunizaa, nami sina hata kitambulisho. Tangu siku hiyo sijafanya kazi nyingine. Nimefundisha kwaya za shule na za harusi. Nimefundisha watoto wa Mukuru kwa Njenga kupiga fidla. Mpaka leo nikisema hapa mtaani kwamba mimi ni kondakta, watu huniuliza gari langu ni la ruti gani.

Mwezi wa Agosti nilipata lile jambo nililokuambia kwenye simu, la kuchukuliwa kuwa msaidizi wa mwongozaji katika ile kwaya kubwa ya mjini, ile yenye okestra yake. Mkubwa wangu akaniambia nusu ya tamasha la Desemba nitaliongoza mimi. Nilicheka peke yangu njiani mpaka mama mmoja akahamia upande wa pili wa barabara.

Basi mwezi uliopita, Jumapili mchana, kwaya yangu ya hapa kanisani ilikuwa inaimba Lucky Summer, kwenye ukumbi mmoja ulio ghorofani. Chini yake kuna karakana ya makochi, na nyuma kulikuwa kumerundikwa sponji. Sijui ni cheche ya mtu wa kuchomelea vyuma au ni waya za umeme. Kila mtu ana yake. Ninachojua ni kwamba tulikuwa katikati ya wimbo nilipoona kitu cheusi kikiingia kupitia dirisha lililo nyuma ya safu ya alto.

Fikiria tulivyosimama, kaka. Kwaya imewaangalia watu na kuligeuzia dirisha mgongo. Mimi naiangalia kwaya, na watu wako nyuma yangu, na mlango pia uko nyuma yangu. Mlango uliokuwa wazi ni mmoja tu, na ngazi zake ni nyembamba. Ule wa pili walikuwa wameufunga kwa mnyororo kwa ajili ya wezi, na madirisha yote yana vyuma. Waimbaji wangu hawakuuona moshi. Mimi sikuwaona watu. Niliona tu macho ya waimbaji yakibadilika, halafu nikasikia mabenchi yakianguka nyuma yangu na mtu akipiga kelele, "Moto!"

Sauti zikakatika. Papo hapo nikasikia kishindo cha watu wote kuelekea mlangoni kwa pamoja, na mtoto akilia kama amekanyagwa. Ngigi, mlinzi wa ule ukumbi, alikuwa pale mlangoni akipaza sauti, "Pole pole! Mtauana hapa! Pole pole!" Hakuna aliyemsikia.

Sikufikiri. Mikono ilipanda yenyewe. Nikawaonyesha waingie tena kwenye wimbo, na wakaingia. Besi kwanza, halafu wengine. Nikaupunguza mwendo mpaka ukawa kama wa watu wanaotembea. Na kaka, wale watu wakaanza kutembea. Nilikuwa nawasikia nyuma yangu. Kelele zikashuka, nikasikia viatu kwenye ngazi, na Ngigi akisema sasa kwa sauti ya kawaida, "Haya, mama, shika mtoto. Haya, twende, twende."

Moshi ulikuwa umefika kwenye vichwa vya alto. Walikuwa wanakohoa na kuimba. Waliniangalia mimi. Wangeweza kukimbia, na hawakukimbia, kwa sababu nilikuwa bado sijashusha mikono. Niliwatoa safu kwa safu, kwa kidole, huku mkono mwingine ukiwashika waliobaki. Niliposhuka na besi wa mwisho sikuwa naona ngazi. Nilishika koti la mtu nikalifuata.

Hakufa mtu. Sema asante Mungu hapo ulipo, halafu endelea kusoma.

Lakini mama mmoja anayeitwa Wangu alianguka nje ya mlango. Humjui. Ni mwimbaji wangu wa alto, mama mtu mzima anayeuza mitumba, na ana pumu. Alisimama ndani ya ule moshi kwa sababu mimi nilimwambia asimame. Walimpeleka hospitali akiwa hawezi kuvuta pumzi, na alikaa huko siku nyingi na bomba puani.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Watu wanadhani naogopa moto. Wananiambia pole, wananiita shujaa, na mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha mbele ya watu nipigiwe makofi. Nilitaka ardhi ipasuke. Kinachonitisha si moshi, kaka. Ni kwamba walinitii. Watu wazima wenye watoto nyumbani walisimama ndani ya moto kwa sababu ya mikono miwili ya Millicent, na Millicent mwenyewe hakujua kama ngazi zingekuwepo wakati zamu yao ikifika. Dari ilianguka muda mfupi baada yetu. Muda mfupi sana. Nikilala naisikia.

Baada ya hapo sikuweza kuongoza. Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya kanisani na mikono ikakataa kuinuka. Ilining'inia tu kama mikono ya koti lililotundikwa. Nikawaambia nina homa, nikaenda nyumbani. Na mazoezi ya ile okestra yalikuwa yanakaribia, na kila siku niliandika ujumbe wa kujitoa, kisha nikaufuta.

Mwishowe nikajikaza kwenda kumwona Wangu. Nilikuwa nimepitisha siku nyingi nikitoa sababu. Nilimkuta ameketi kitandani akilalamikia uji wa hospitali. Nikaanza kumwomba msamaha na machozi yakaja kabla ya maneno.

"Unalia nini?" akaniuliza.

"Nilikuweka kwenye moshi, mama."

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Wewe unafikiri ni mikono yako ilinishika pale?"

"Ulikuwa unaniangalia."

"Sasa ningeangalia nini, moto?" Akakohoa, akashika kifua, akangoja hadi pumzi ikarudi. "Mjukuu wangu alikuwa kwenye benchi za nyuma na mama yake. Nilikuwa nawaona, wewe huwaoni. Nilijua tukinyamaza wale watu watawakanyaga. Niliimba mpaka nikaona wametoka mlangoni. Halafu nikabaki, kwa sababu na wengine walikuwa na wajukuu. Usinichukulie kitu changu, mwalimu."

Nilijaribu kumlisha ule uji, akaukataa tena.

Nisikudanganye kwamba hofu iliisha hapo. Jumanne hii iliyopita nilienda kwenye mazoezi ya kwanza na ile okestra. Ukumbi mkubwa, viti vya kisasa, watu wenye vyombo vinavyong'aa. Nikapanda jukwaani. Kwaya iko mbele yangu, fidla kushoto, na mlango, kaka, uko nyuma yangu. Nikatazama juu ya vichwa vyao nikitafuta moshi. Wakaweka pinde kwenye nyuzi, wakiningoja. Mikono ikakaa pale chini.

Nilikuwa karibu kushuka. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Samahani. Nilikuwa kwenye moto mwezi uliopita. Kuna mlango nyuma yangu na siwezi kuacha kuusikiliza."

Nikadhani kazi yangu imeishia hapo, baada ya miaka yote hii.

Anayeongoza fidla ni dada mmoja anaitwa Nurto, mzaliwa wa Eastleigh, mtu wa maneno machache. Hakuinuka hata kidogo. Alivuta kiti chake kidogo tu, akakigeuza, akatazama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi.

"Uko wazi," akasema. "Nauona kutoka hapa. Nikisimama, sote tunatoka. Nisiposimama, wewe tuangalie sisi."

Jamaa anayepiga selo, ile fidla kubwa ya magotini, akasema, "Na mimi nauona." Mwimbaji mmoja wa safu ya juu akasema, "Hata huku tunauona, madam." Hakuna aliyecheka.

Kaka, sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayewaangalia.

Nikainua mikono. Ilikuwa inatetemeka wazi, kila mtu aliiona, na sikuificha. Nikapumua pamoja nao, na wakaingia wote kwa pamoja.

Tamasha ni Desemba. Bado naogopa. Niliogopa mazoezi yote ya Jumanne na nitaogopa Jumanne ijayo, lakini nitaenda. Ukiweza kuomba, niombee mikono.

Wasalimie wifi Jecinta na Ryan, na yule jirani yenu aliyetutumia picha za bustani. Mama anakusalimu na anauliza ni lini utakuja. Mimi nimemwambia una kazi nyingi, lakini nami nauliza. Mungu akufunike unapoingia kazini na unapotoka, na akuonyeshe mlango popote utakapokuwa.

Dada yako akupendaye sana,
Millicent