Nyumba Iliyohama Nikiwa Ndani ya Eda

Baba Zuhura,

Eda yako imekwisha. Nimeoga, nimebadili nguo, nimepaka mafuta, na Bi Tausi amenisuka huku akilalamika kwamba nimekonda hadi kichwa. Watoto wamelala kwa joto hili la mchana, ndipo nimepata nafasi ya kushika kalamu. Hati zangu ni zile zile za chuoni, alifu zimelala kama walevi. Utavumilia.

Nakuandikia habari za nyumba, maana haipo tena pale ulipoiacha.

Ulipokuja Rumonge pamoja na wanunuzi wa mawese, ulikuwa fundi wa kuta, na kuta ulizozijua ni za kwenu Tabora: nene, udongo mtupu, za nchi kavu. Mimi ni mtoto wa Kabezi, nimekulia kando ya ziwa. Siku ya kwanza unakandika nilikuambia kwamba huku bondeni, karibu na mto Dama, watu huinua sakafu kwanza, na kuta zao ni matete na udongo kidogo tu. Ukasema, "Mke wangu, hiyo si nyumba, ni tenga la kuku." Nilicheka, nikakuletea maji ya kukandia udongo.

Paa tu ndilo lililokushinda. Bukuru, yule Mrundi wa kuezeka, alikataa misumari uliyoinunua kwa Mhindi. Akafunga mapao kwa kamba za magome juu ya nguzo, akakuambia, "Siku moja utataka kulitoa, utaniita. Chuma mimi siwezi kufungua." Ulinung'unika wiki nzima.

Ugonjwa wa malale ulipokuanza ulikuwa unaongeza unene wa ukuta wa nyuma. Nilikukuta umesimama, udongo mkononi, umelala. Nilikuita. Ulipofumbua macho uliendelea kukandika kana kwamba hukuwa umekwenda popote. Miezi iliyofuata sitaiandika. Wewe huikumbuki, na mimi sitaki.

Lakini kabla maneno hayajakupotea ulisema, "Hapa sina ndugu. Wa kunikalia matanga ni wewe tu." Nikakuahidi kwamba nitakaa eda ndani ya nyumba yako, bila kutoka, mpaka mwisho. Watu wa Rumonge walikuzika vizuri. Walisoma, walikula, wakarudi makwao, nao wana kazi zao. Baada ya hapo matanga yako yote yalikuwa mimi, juu ya mkeka.

Kisha zikaja mvua kubwa.

Dama haukuja kwa kelele. Niliamka nikakuta uani maji yanafika vifundoni, na Zuhura ameitia kata majini ielee, akisema ni mtumbwi wa baba. Kwa Bi Tausi, jirani yetu, maji yaliingia kwenye matete upande huu yakatoka upande ule, na yeye amekaa juu ya sakafu yake iliyoinuka, anamenya mihogo. Ukuta wako uliyazuia, kama ulivyosema. Ukayazuia, na ukawa unayanywa. Ulikuwa na rangi mbili, chini mweusi, juu mwekundu, na ule weusi ulikuwa unapanda. Niliutazama kutwa, kwa sababu mjane wa eda hana pengine pa kutazama.

Jioni ukuta wa mbele ulilala nje, taratibu, kama mtu anayejinyoosha. Wa nyuma ukafuata, na zile za pembeni hazikukawia. Zikabaki nguzo, na paa juu yake, na mimi chini yake, mjane, naonekana na kila apitaye. Wanaume waligeuza nyuso. Wengine walichelewa kidogo kugeuza. Bi Tausi akaja na mikeka na leso zake zote, akizungushia huku anafoka, "Tazameni michikichi. Leo michikichi hamjaiona?"

Kesho yake Mwalimu wetu wa chuo alikuja, kanzu ameishika juu ya magoti. Akasimama nje ya mikeka. Akasema, "Binti yangu, hii ni dharura. Sheria inakuruhusu. Toka, uhamie kwa mwenzio anayekaa mwinukoni." Nikamjibu kwamba najua, lakini nilimwahidi mtu asiye na mwingine wa kumwahidi.

Sefu wetu mchanga alikuwa mgongoni mwangu, anakohoa. Nikuambie kweli. Kama ungekuwa hai tungegombana siku ile. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba maji yakigusa kitanda ninatoka, ahadi au si ahadi, kwa sababu watoto hawa ni wako pia, na matanga hayawezi kuwala watoto wako. Lakini kitanda kilikuwa bado. Nikamuuliza Mwalimu, "Kuta hazipo. Nyumba ya marehemu sasa ni ipi?"

Akasema, "Nadhani ni hiki kinachokufunika."

Bukuru alikuwa hapo nje na wenzake, wamekuja kutuhamishia vyombo. Nikamsikia: "Basi iko rahisi, Mwalimu. Tunabeba."

"Mnabeba nini?"

"Nyumba. Mama atembee ndani yake."

Nikasikia Mwalimu anacheka, yule mzee asiyecheka, akasema hajawahi kusoma mahali popote panapokataza.

Bukuru akapanda, akafungua kamba moja moja. Wanaume wakaingiza miti chini ya mapao, mabega yakakaa, paa likanyanyuka kutoka kwenye nguzo likitikisika na kumwaga mavumbi ya nyasi, na panya wawili. Bi Tausi aliishikilia mikeka pembeni, nami nikaenda katikati, Sefu mgongoni, Zuhura mkononi. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya moshi wetu. Sikuona njia. Niliona miguu tu, miguu mingi, mingine na viatu vya matope. Bukuru alikuwa anaita hatua mbele: "Polepole, mama iko ndani. Wewe wa nyuma, unabeba ao unabebwa?" Yule wa nyuma akajibu kwamba liulizwe tumbo la Bukuru.

Kikongwe mmoja aliyekuwa anashuka na kapu alisimama, akaliamkia paa: "Amahoro." Nikamwitikia kutoka ndani. Nikasikia kapu limeanguka.

Kwenye barabara tulisimamishwa na askari. Unaikumbuka amri ya boma kwamba nyumba zote zifuate mstari wa njia, na huo mstari kule bondeni umepita majini kabisa. Akauliza nani ametoa ruhusa ya kujenga nje ya mstari. Bi Tausi akamwambia, "Bwana askari, hii haijengwi, inatembea. Ikisimama, njoo uipime." Wanaume walicheka, paa likayumba, askari akarudi nyuma asije akafunikwa. Akatuacha.

Tukapanda hadi kwenye mwinuko, juu ya njia ya Bugarama. Walichimbia nguzo, mimi nimekaa katikati, paa likiwa limeegeshwa juu ya mafiga ya magogo. Usiku wangu wa kwanza pale sikuwa nimetoka nyumbani kwako hata kidogo. Baadaye yule askari alikuja na kamba na vigingi vyake, akasema tumezidi mstari wa njia ya Bugarama kwa hatua chache. Bukuru na wenzake wakatunyanyua tena, chungu kikiwa motoni. Maharage hayakuharibika.

Hivyo ndivyo nilivyokukalia. Sikuacha hata siku moja.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo nimeamua bila wewe. Eda imekwisha na nyumba inataka kuta. Sitajenga kuta zako. Niliwaambia Bukuru na wenzake washuke bondeni na matenga, wakapakie udongo wa kuta zilizoanguka, wakaumwage hapa. Nimechanganya na wa kichuguu, nimeupiga kwa mti mimi mwenyewe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Umekuwa sakafu, imeinuka kufikia goti la mtu mzima. Juu yake ni matete. Udongo nakandika kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini naacha wazi mpaka mvua zipite, na kiangazi nitaziba. Paa ni la kamba. Ndiyo, ni tenga la kuku. Mwanao Sefu amelala ndani yake sasa hivi na hakohoi.

Wajane wawili waliobaki bondeni walikuja kutazama. Mmoja alipima sakafu kwa fimbo, akaondoka nayo ameitia alama. Sikumwambia kwamba ni udongo wa mtu wa Tabora.

Nimechoka, Baba Zuhura. Si kwa huzuni tu, ni kwa kazi. Mchana nakandika, na jua likizama Sefu anataka kunyonya na Zuhura anataka hadithi. Ananiuliza kama unajua tulipo. Nilimwambia unajua, kisha nikakaa nikifikiri unajuaje. Bi Tausi anasema usiku wa kuamkia Ijumaa marehemu huja kusimama mlangoni kwake, asikie kama anatajwa. Kule bondeni mlango haupo. Utakuta nguzo za zamani na kambare wanacheza kati yake.

Kwa hiyo usipite huko. Ukitoka makaburini shika njia ya Bugarama, uwe na ziwa mgongoni. Utapita michikichi iliyofyekwa chini, kisha njia itapanda. Nyumba ya kwanza yenye matete mabichi ndiyo yetu. Chini ni wazi, kwa hiyo utatusikia hata ukisimama mbali. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa nitasoma na kulitaja jina lako kwa sauti, na Zuhura ataitikia. Na nyumba hii haitahama tena mpaka mimi mwenyewe niseme.

Pumzika, mume wangu. Ukifika, pandisha mguu, kizingiti ni kirefu.

Mama Zuhura