Sadaka ya Kuokoka Kwako

Mwanangu Athmani,

Assalaam alaykum, wewe uliyetutangulia. Babako akusalimu, ingawa tangu siku ile hasemi ila akiulizwa. Nyanya yako akusalimu, uzee umemsahaulisha, bado aniuliza mbona hujarudi kutoka kazini. Dadako Mwanaisha akusalimu, na mwanawe, na majirani wote hapa Kibokoni. Na Abdalla, mwana wa mamako mdogo. Huyo nitakueleza.

Athmani, mimi sijafahamu mpaka leo. Yule bwana wa Kizingo, wewe na Abdalla mlimtengenezea injini ya motaboti, akawachukua Jumapili kuwatembeza, mbio, ikapanda fungu la mchanga. Mkatupwa wote wawili, matumbo juu ya ukingo wa boti. Ukaja nyumbani kwa miguu yako. Nikakupekua kama mtoto mchanga, natafuta damu. Ukanicheka.

"Mama, sina hata mkwaruzo. Ni hili bega la kushoto tu."

Bega, na lililopigwa ni tumbo. Nikalikanda kwa mafuta. Nikapika kaimati za sadaka ya kuokoka kwako, nikazigawa nyumba kwa nyumba. Watu wangali wakizitafuna, wakimshukuru Mungu, wewe ukaanguka hapo mlangoni, midomo myeupe, mwili baridi. Sahani zangu zilirudishwa na watu waliokuja kulia. Daktari alisema bandama ilipasuka, damu ikajaa ndani. Ndani, mwanangu. Ningeonaje?

Siku ya hitima yako nikamwona Abdalla ashika bega lake. La kushoto. Mamake akaleta chupa ya mafuta, nikampokonya. Akasema msiba umenitia wazimu. Abdalla naye akasema, "Mama mkubwa, bega haliui mtu." Nikakaa kizingitini, nikamwambia atanikanyaga apite, au twende hospitali.

Walimpasua, wakaikuta damu. Yu hai, Athmani. Ana mshono toka kifuani hadi kitovuni.

Na jana yule bwana wa boti kamletea Abdalla salamu: boti imepona, Jumapili waende wakaijaribu. Abdalla amekubali. Mshono haujakauka, naye achagua shati la kuvaa! Maneno ya mamake hayataki, yangu hayataki. Yako atayasikia.

Kwaheri, mwanangu, Mungu akulaze pema. Nakuahidi, maadamu napumua, huyu simwachi akufuate kwa njia ile. Lakini mimi mzee, nguvu zangu si za kumzuia kijana kila mara. Mwendee usingizini umkataze. Kisha unijie na mimi, unipe jibu upesi, kabla ya Jumapili.

Ni mimi mamako.